Eve's Bayou: kwa mnaosema haina mwisho

Mleta mada, umeuliza mawili. Kwanza, kama filamu ya Eve's Bayou inastahili saa mbili za mtu aliyetoka kazini amechoka. Pili, kama yule baba alifanya kile anachotuhumiwa na binti yake au hakufanya. Nimesoma waliotangulia kujibu. Wengine wanasema inachosha, hakuna kinachotokea, watu wanatembea tu chini ya miti huku muziki unalia. Wengine wanasema ni dhahabu tupu, lakini ukiwauliza kwa nini wanakutumia alama za moto. Na mmoja kaandika kwamba mwongozaji alikwama kumalizia hadithi ndiyo maana kaiacha hewani. Huyo ndiye kanitoa kitandani.

Nasimulia mpaka mwisho. Ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu, aishie hapa.

Mimi nimeitazama mara tatu kwa miaka ishirini na kitu. Mara ya kwanza ilikuwa Tanga, Ngamiani, mwaka 2001, kwenye kibanda cha video cha mjomba wangu. Nilikuwa na miaka 11, nauza barafu za ukwaju mlangoni. Kanda ilikuja kwenye furushi la mitumba kutoka Dar, haina jalada, ina karatasi tu imeandikwa kwa kalamu jina la filamu na jina la Samuel L. Jackson. Mjomba hakuhitaji zaidi. Akachukua chaki akaandika ubaoni: SAMWELI JACKSON, KISASI CHA MCHAWI. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye kreti za soda.

Mjomba ndiye alikuwa mtafsiri, anasimama pembeni ya runinga na kifimbo. Filamu inaanza na sauti ya mwanamke mzima anakumbuka utoto wake, anasema kwamba kiangazi kile alichomuua baba yake, yeye alikuwa na miaka kumi. Mjomba akatafsiri kwa sauti ya kutisha, kibanda chote kikanyamaza. Mimi nikasahau barafu zangu.

Baada ya hapo, kwa bahati mbaya ya mjomba, Samweli hakushika bunduki. Alicheza dansi na binti yake. Alikwenda kutibu wagonjwa. Alitabasamu sana. Ilipofika kama dakika ya arobaini vijana wakaanza kupiga miluzi, mmoja akadai hela yake, mjomba akatoa kanda akaweka ya Wachina wanaruka juu ya mapaa. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza kusema filamu hii inachosha nilimsikia kabla wengi wenu hamjazaliwa, na alitaka kurudishiwa shilingi mia.

Mimi nilishaona nilichokiona. Kuna sherehe nyumbani kwa akina Batiste. Eve, mtoto wa kati, anaona wivu kwa sababu baba anacheza na dada mtu, Cisely, wa miaka 14, wala hamtazami yeye. Anakimbilia banda la magari ya farasi, anapitiwa na usingizi. Anapoamka, baba yake yumo humo humo na Matty Mereaux, mke wa mtu. Anamkuta baba, na baba anajua kwamba amekutwa. Anavyombembeleza mtoto pale ndipo nilipomwogopa, kwa sababu anabembeleza vizuri mno. Halafu usiku, kitandani, Eve anamweleza Cisely. Cisely anamsimulia upya tukio lile lile: hapana, hukuona hivyo, walikuwa wanacheka tu, baba alikuwa anamshika asianguke. Na filamu inatuonyesha toleo la Cisely kwa picha, kama vile nalo lilitokea.

Wakuu, shikeni hapo. Filamu imeshatuambia mapema kabisa jinsi inavyofanya kazi. Dada mkubwa anaweza kuingia kwenye macho ya mdogo wake akabadilisha kilichomo. Anayesema mwisho umeachwa hewani hakuitazama robo ya kwanza.

Kwa wasioijua: mwaka ni 1962, Louisiana. Familia ni ya weusi wenye uwezo, baba daktari, mama mrembo kuliko wote mjini, bibi, shangazi, watoto watatu. Mji wenyewe umepewa jina la mtumwa aliyeitwa Eve, ambaye kwa dawa zake alimponya kipindupindu bwana wake, Jenerali Jean Paul Batiste. Jenerali akamwachia huru, akampa ardhi, naye akamzalia watoto 16. Akina Batiste wote ni uzao huo. Filamu ilitoka Novemba 1997. Kasi Lemmons aliiandika mwenyewe na ndiyo ya kwanza ndefu aliyoiongoza, kabla ya hapo alikuwa akijulikana kwa kuigiza. Samuel L. Jackson alikuwa pia mmoja wa watayarishaji. Jurnee Smollett ndiye Eve, na yule mdogo wake wa kiume, Poe, ni mdogo wake wa tumbo moja kweli, Jake Smollett. Roger Ebert, mchambuzi mashuhuri wa filamu kule Chicago, aliiweka namba moja kwa mwaka mzima wa 1997, mwaka ambao dunia yote ilikuwa inalilia meli ya Titanic. Kwenye Oscar haikutajwa hata mara moja. Mwaka 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa. Hayo yanatosha, tusonge.

Mara ya pili ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa Houston, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi niliyekuwa namhudumia alikaa Frenchtown, kipande cha Fifth Ward ambacho kilijengwa na watu wa Louisiana waliohamia Houston miaka ya 1920, hasa baada ya mafuriko makubwa ya Mto Mississippi ya 1927. Yeye mwenyewe kazaliwa upande wa Opelousas, huko huko Louisiana, kaja Houston kuolewa. Yeye kila mtu alimwita "cher", yaani mpenzi, anatamka "sha", hata mleta barua. Agosti 2017 kimbunga Harvey kikatukuta. Zamu yangu ilitakiwa iishe Ijumaa jioni, nikatoka pale Jumanne. Maji yaliishia ngazi ya tatu ya baraza, umeme kwa rehema ya Mungu haukukatika. Kwenye droo ya wajukuu nikakuta diski ya Eve's Bayou. Nikamwambia, Bibi, hii niliiona nusu nikiwa mtoto. Akaniambia weka, labda leo utamaliza.

Sasa mnaosema inakwenda polepole: itazameni mvua imewafungia ndani na mzee anayejua kila jani. Bayou ni maji yasiyo na haraka, neno lenyewe Wafaransa walilichukua kwa Wachoctaw, wenyeji wa kule. Bibi aliniambia ukitupa kijiti kwenye bayou ya kwao uende ukale, ukirudi utakikuta bado kinajishauri. Yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia kwenye miti, ambayo mchangiaji mmoja kayaita utando wa buibui, ni mmea usio na mizizi ardhini, na katika ukoo wa mimea ni ndugu wa nanasi. Bibi anasema zamani walijazia magodoro. Miti iliyosimama ndani ya maji inaota vitu kama magoti kuzunguka shina. Ukipita na mtumbwi jioni unadhani watu wamepiga magoti. Amy Vincent, mpigapicha wa filamu ile, hakulazimika kuongeza kitu pale, alisubiri tu mwanga. Na muziki ni wa Terence Blanchard, mtoto wa New Orleans, unasikika kama mtu anayejua habari mbaya lakini anangoja umalize chakula.

Halafu kuna sababu ya ndani ya hadithi. Shangazi Mozelle ana kipaji cha kuona. Anashika mikono ya mtu, anaona. Anaona mtoto atagongwa na basi. Mama yake Eve, Roz, anafungia wanawe ndani ya nyumba siku kwa siku kwenye joto lile la Louisiana. Watoto wanagombana, dada anakua mbele ya macho yetu hana pa kwenda, baba anaingia usiku wa manane na visingizio, mama anangoja. Hiyo ndiyo kasi ya filamu. Nyumba imefungwa. Kama ingekwenda mbio, tusingeamini kilichotokea baadaye usiku wa dhoruba.

Siyo kwamba naitetea yote. Mapenzi ya Mozelle na yule mchoraji aliyekuja kumtafuta mkewe yamebanwa, mtu anaingia mlangoni, tukigeuka wanataka kuoana. Na maneno ya msimulizi mara nyingine yamepambwa mno, yananukia daftari la mashairi. Lakini kuna Mozelle mbele ya kioo, anamsimulia Eve jinsi mume wake mmoja alivyopigwa risasi na hawara yake, na waliokufa wanatokea ndani ya kioo nyuma yake, naye anaingia kwenye kumbukumbu kwa miguu yake, chumba hicho hicho, bila kukata picha. Debbi Morgan angefanya hilo tu akaenda zake, ningemshukuru. Bibi alisimamisha kwa rimoti, akaniomba nirudishe nyuma. Tuliitazama sehemu ile mara tatu.

Kuna mchangiaji kasema filamu ni ya uongo kwa sababu ni 1962, Kusini mwa Marekani, halafu wazungu hawaonekani. Hoja si ya kipuuzi. Miaka miwili tu kabla ya kiangazi hicho, Novemba 1960, Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6, alisindikizwa na maafisa wa serikali kuu ili aweze kuingia darasani kwenye shule ya wazungu New Orleans. Nilimuuliza Bibi swali hilo hilo. Mwaka 1962 alikuwa na miaka 24. Akasema: "Mzungu tulikuwa tunamwona mjini Jumamosi. Nyumbani tulikuwa na matatizo yetu." Kisha akaongeza kitu ambacho mimi sikukiwaza. Alisema tazama yule daktari anavyozunguka na mkoba wake nyumba kwa nyumba, kila mwanamke anamngoja kitandani, mwingine mgonjwa, mwingine siyo. Unadhani kwa nini ni yeye tu? Mweusi hakuwa na daktari wa kuchagua. Mwanamume akiwa wa pekee katika kitu ambacho wote wanakihitaji, atapata kiburi, na atasamehewa. Wazungu hawamo kwenye picha, kazi yao imo.

Na ile hadithi ya mwanzo, ya mtumwa Eve na Jenerali na watoto 16, ambayo mimi niliiona kama hadithi nzuri ya shukrani, Bibi aliisikiliza akicheka kwa puani. Akasema, "Na nani alimuuliza kama aliwataka hao kumi na sita?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Maana familia yote ya Batiste imejengwa juu ya tukio la usiku kati ya mwenye nguvu na asiye na nguvu, na lililobaki ni toleo moja tu lililosimuliwa vizuri.

Tuje kwenye uchawi, kwa sababu huku kwetu hapo ndipo watu wanapoamka. Mnaouliza kama baba alikufa kwa vudu au kwa risasi. Mtiririko ni huu. Cisely anamwambia Eve kwamba usiku wa dhoruba baba alimgusa kwa namna isiyofaa. Eve anaamua baba afe. Anamfuata Elzora, mwanamke wa sokoni mwenye uso uliopakwa unga mweupe, anampa fedha na nywele za baba yake. (Elzora ni Diahann Carroll, ambaye Wamarekani walizoea kumwona amependeza kama malkia. Sikumtambua mpaka majina yalipopita mwishoni.) Baadaye Eve anajuta, anataka kurudisha maneno yake, anaambiwa limeshafanyika. Lakini kabla ya hapo Eve huyo huyo alishamdokezea Lenny Mereaux, mume wa Matty, kwamba mkewe na daktari wana jambo. Lenny ndiye anayempiga daktari risasi.

Mtu wa Tanga haoni ugumu wowote hapo. Mama yangu angesema mkono ni wa Lenny, ila kuna aliyeuinua. Nywele za mtu hazitupwi ovyo, kila aliyelelewa na bibi wa pwani anajua. Bibi wa Opelousas kwa upande wake alimdharau Elzora tangu mwanzo, na sababu yake ilinishangaza: anachukua pesa. Kwao kuna waganga wanaoitwa traiteur, wanatibu kwa sala, na mwiko wao ni kwamba hulipi wala husemi asante. Ukishukuru, dawa inaharibika. Mama yake Bibi aliponywa chunjua namna hiyo, akaondoka bila neno, njiani akakumbuka hakuaga. Kwa Bibi, Elzora alikuwa mfanyabiashara anayemuuzia mtoto kitu ambacho mtoto alishakuwa nacho.

Hapo ndipo nilipoielewa filamu. Eve anadhani ameua kwa nywele. Anakwenda gizani, anatetemeka, anatoa akiba yake. Kumbe alishaua mchana kweupe, kwa sentensi moja, akiwa amesimama tu na mtu mzima aliyemsikiliza. Ulimi hauna mfupa. Yule mwanamke anayesimulia miaka mingi baadaye kwamba alimuua baba yake hasemi kwa njia ipi, na mimi nadhani yeye mwenyewe hajachagua.

Sasa swali lako la pili, mleta mada. Alifanya au hakufanya?

Tunaonyeshwa usiku ule mara mbili. Dhoruba, baba amelewa kwenye kiti, mama na baba wametoka kugombana, Cisely anashuka ngazi na nguo ya kulalia kumliwaza baba. Wanabusiana. Toleo la Cisely: baba ndiye aliyevuka mpaka, alipokataa akampiga. Toleo la pili linakuja baada ya mazishi, kwenye barua ya baba kwa Mozelle ambayo Eve anaikuta: binti ndiye aliyembusu kama mke, yeye akashtuka akamzaba kofi. Eve anamkabili dada yake. Cisely anampa mikono, Eve anatazama kwa kipaji alichorithi kwa shangazi. Na anachokipata ni vipande. Cisely analia anasema hajui, hajui ni nini kilitokea.

Yupo aliyeandika hapo juu kwamba "binti alimtaka baba yake, kesi imefungwa". Ndugu yangu, hata barua ile ikiwa kweli herufi kwa herufi, kwenye kiti kile kulikuwa na mtu mzima mmoja. Mtoto wa miaka 14 aliyefungiwa ndani kiangazi kizima, aliyeona wazazi wanagombana, alishuka kumshikilia baba asiende. Kilichofuata ni mzigo wa mkubwa. Akamzaba kofi, akanyamaza, akaendelea na safari zake za usiku, kisha akaandika barua kujieleza kwa dada yake. Hakumwandikia mwanawe. Mimi kwenye hilo sina mjadala.

Ila kama unataka hukumu ya mahakama, filamu inakunyima kwa makusudi. Mtoto mwenye kipaji cha kuona ameshika mikono ya aliyekuwepo, na bado. Eve anaizamisha barua kwenye maji. Akina dada wawili wanasimama wameshikana mikono, jua linazama. Yupo anayesema Eve kaficha ushahidi. Bibi alisema kamwachia dada yake nafasi ya kuishi. Mimi siku zile nilikubaliana na Bibi. Siku hizi sina hakika, kwa sababu ya mara ya tatu.

Mara ya tatu ilikuwa 2023. Nilinunua toleo refu, lile ambalo mwongozaji alirudisha sehemu zilizoondolewa kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema. Kubwa lililoondolewa ni mhusika mzima: mjomba Tommy, mwenye ulemavu, hawezi kusema, anakaa kwenye kiti chake ndani ya nyumba ile. Na usiku wa dhoruba alikuwepo. Yaani ukweli upo, umekaa kwenye kona ya chumba, unatazama, na hautasema kamwe. Sijui mnaonaje, lakini kwangu hilo linageuza filamu. Kwenye toleo fupi unaweza kufikiri pengine hakuna ajuaye. Kwenye refu yupo anayejua, na wanamlisha kila siku.

Nikampigia dada yangu Tanga, tuitazame pamoja, kila mtu kwake, simu iko wazi. Yeye alikuwa na toleo fupi, nilimtumia zamani kwenye flashi na mtu aliyekuwa anakwenda nyumbani. Sikufikiria. Tukaanza sawa, baada ya muda tukaanza kupishana. Mimi nasema umemwona Tommy? Yeye ananiuliza Tommy nani. Nasema huyo hapo kwenye kiti. Ananiambia hapa hakuna kiti. Tulicheka mpaka jirani yake akagonga ukuta. Halafu akasema, na hakuwa anacheka tena: "Wewe kila mara unaona watu ambao hawakuwepo."

Nikajua anasema nini. Baba yetu aliondoka nyumbani nikiwa na miaka 7, dada ana 12. Mimi nakumbuka usiku. Nakumbuka nimesimama dirishani na kibatari, baba anatoka na redio begani, ile ya mbao, mama amekaa kitandani anampa mgongo. Nimeishi na picha hiyo miaka yote, nimeisimulia kwa mume wangu, nimemsimulia na Bibi. Dada anasema ilikuwa asubuhi, watu wanakwenda sokoni. Anasema chumba chetu hakikuwa na dirisha upande ule, lilizibwa kabla sijazaliwa. Anasema mama ndiye alimfungulia mlango, na mimi nilikuwa nimelala. Nikamwambia na wewe umejuaje kama nimelala. Akasema kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia alipoondoka, nikakusimulia. Nikasema basi labda ulinisimulia usiku. Akanyamaza.

Miaka yote nilimtazama Eve nikidhani ni mimi, yule mdogo anayeona. Usiku ule nikaanza kumwaza Cisely, na jinsi alivyosimulia tukio la banda la magari kitandani kwa sauti ya upole, na mdogo wake akalala.

Tukakubaliana tumuulize mama. Dada akamfuata Jumapili, akanirekodia. Mama amezeeka lakini akili yake iko timamu, analaumu bei ya nazi, anamuulizia mwanangu, yote yamo kwenye sauti ile. Dada anamuuliza: mama, baba alipoondoka na ile redio, ilikuwa usiku au asubuhi?

Kimya kidogo. Anasikika akipepeta kitu.

"Redio ipi?"

Kwa hiyo, mleta mada, anza na fupi. Zima simu. Na aliyeuliza kama inafaa kutazama na watoto: wangu ana miaka 13, nimemwambia asubiri kidogo.